Njia Ndefu ya Sheria Ndogo

Anayetaka kuielewa sheria ndogo ya halmashauri ya mji Tanzania Bara na aanze kuisoma mwishoni. Ukurasa wa mwisho, baada ya majedwali ya ada na fomu ya kukiri kosa, hueleza kwamba nembo ya halmashauri imebandikwa kufuatia azimio lililopitishwa na Baraza la Madiwani katika mkutano wake wa tarehe fulani. Chini yake kuna saini mbili: ya Mkurugenzi wa Mji na ya Mwenyekiti wa Halmashauri. Kisha, kwa herufi kubwa na katika mstari wake peke yake, linakuja neno NAKUBALI, na chini yake jina la Waziri anayehusika na Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), pamoja na mahali na tarehe. Mara nyingi kati ya tarehe ya azimio la madiwani na tarehe ya Waziri hupita miezi kadhaa, na wakati mwingine hata mwaka.

Ukurasa huo unaonyesha ni nani mwenye madaraka gani. Mkurugenzi ni mteule wa Serikali Kuu. Mwenyekiti ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake. Waziri ndiye mwenye kauli ya mwisho. Asiyeonekana ni mkazi wa mji, yule atakayelipa ushuru, ada au faini. Si kwamba sheria imemsahau, kwa maana inataka aarifiwe na asikilizwe kabla Baraza halijapitisha chochote. Ila hatua yake ndiyo pekee isiyoacha alama katika hati. Hoja yangu ni kwamba udhaifu mwingi wa sheria ndogo zetu, tangu zinavyotungwa hadi zinavyoshindwa kurekebishwa kwa wakati, chanzo chake kiko hapo.

Tukitaja sheria, mawazo yetu hukimbilia Bungeni. Lakini mtu anaweza kumaliza mwaka mzima bila kukutana uso kwa uso na Sheria ya Bunge anayoijua kwa jina, ilhali sheria ndogo humgusa kabla ya saa nne asubuhi. Ushuru wa meza sokoni ni sheria ndogo. Ada ya daladala kuingia stendi, ada ya kuzoa taka, katazo la kuachia mbuzi na ng'ombe wazurure katikati ya mji, masharti ya usafi kwa mama lishe, faini ya kumwaga maji machafu barabarani, yote hayo yanatokana na Baraza la Madiwani. Tanzania Bara ina halmashauri 184, kuanzia majiji hadi wilaya, na kila moja ina kabati lake la sheria za namna hii. Hakuna chombo kingine nchini kinachotunga kanuni nyingi hivi zinazodai fedha mkononi mwa mtu wa kipato cha chini.

Mamlaka yenyewe ni ya kukasimiwa. Ibara ya 145 na ya 146 za Katiba ndizo zinazoweka serikali za mitaa na kutaja madhumuni yake, yaani kupeleka madaraka kwa wananchi. Utekelezaji uko katika sheria za mwaka 1982: Sura ya 287 kwa mamlaka za wilaya, Sura ya 288 kwa mamlaka za miji, na Sura ya 290 kuhusu fedha. Halmashauri ya mji, pamoja na manispaa na majiji, iko chini ya Sura ya 288. Kwa hiyo kila sheria ndogo hufungua kwa kutaja kifungu cha sheria mama kilichoipa uhai. Ikivuka mipaka ya kifungu hicho, inakuwa batili hata kama madiwani wote waliipigia makofi. Haiwezi kupingana na Sheria ya Bunge, haiwezi kuweka adhabu kubwa kuliko kiwango ambacho sheria mama imekiruhusu, na haina nguvu hata hatua moja nje ya mpaka wa halmashauri. Zanzibar ina mfumo wake chini ya sheria yake ya serikali za mitaa ya mwaka 2014, na siuzungumzii hapa.

Historia inaeleza kwa nini kauli ya mwisho iliwekwa mbali na mji. Wakati wa Waingereza, kuanzia 1926 chini ya Gavana Donald Cameron, machifu na mabaraza yao walipewa uwezo wa kutoa amri na kutunga kanuni, lakini chini ya jicho na ridhaa ya serikali ya kikoloni. Machifu wakaondolewa 1963, halmashauri zikaendelea, na mfumo wa ridhaa kutoka juu haukung'olewa. Mwaka 1972 ulikuja mpango wa Madaraka Mikoani, na halmashauri zenyewe zikavunjwa, kazi zao zikachukuliwa na watumishi wa Serikali Kuu mikoani na wilayani. Huduma za miji zilidorora kiasi kwamba 1978 ikapitishwa sheria ya muda kurudisha halmashauri za miji, kabla ya sheria za 1982 kuzirudisha zote. Chombo kilichowahi kufutwa na kurudishwa na Serikali Kuu hakiwezi kushangaa kikiombwa kupeleka kila azimio lake Dodoma.

Sasa tuiangalie safari yenyewe. Tuseme mji ulio njia panda, mfano wa Makambako, ambako barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inakutana na ile ya Njombe na Songea, unataka kuweka ada mpya ya maegesho ya malori yanayolala mjini. Wazo kama hili huwa halitoki kwa diwani. Kwa kawaida linatoka kwenye idara, na mara nyingi msimu wa bajeti, wakati mweka hazina anatafuta mahali pa kujazia pengo la mapato ya ndani. Asili hiyo ina maana yake. Sheria ndogo nyingi huanza kama tarakimu kwenye makisio ya mapato, kisha ndipo hutafutiwa maneno.

Maneno huandikwa na mwanasheria wa halmashauri. Huyu ni mtu mwenye kesi za ardhi, mikataba ya vibanda na barua za malalamiko mezani, na kwa sababu hiyo anachukua sheria ndogo ya halmashauri nyingine iliyokwisha kupita na kuibadilisha majina. Simlaumu kwa kutafuta mfano, kwa kuwa hata waandishi wa sheria wa Serikali hufanya hivyo. Tatizo ni pale sheria ya mji wenye bandari au mgodi inapohamishiwa mji wa mahindi na viazi bila kupimwa upya, na viwango vya ada vikaja pamoja na vifungu.

Rasimu hupita kwenye timu ya menejimenti, halafu kwenye kamati ya kudumu ya madiwani inayohusika, na kwa mambo ya ada lazima ifike Kamati ya Fedha na Uongozi. Kisha kuna taarifa kwa umma na muda wa kupokea pingamizi na maoni. Baadaye Baraza zima hukaa. Mikutano ya kawaida ya Baraza hufanyika kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo rasimu iliyokosa kikao kimoja kwa sababu ya kabrasha kuchelewa husubiri robo nyingine ya mwaka. Azimio likipita, nyaraka huenda ngazi ya mkoa kwa ushauri, kisha TAMISEMI, ambako wanasheria huipima rasimu dhidi ya sheria mama. Uandishi wake hukaguliwa tena na waandishi wa sheria wa Serikali. Waziri akisaini, hati huenda kwa Mpigachapa Mkuu wa Serikali, hupewa namba ya Tangazo la Serikali, na hutoka kwenye Gazeti la Serikali, ambalo huchapishwa kila Ijumaa. Kuanzia hapo inafunga.

Bunge nalo lina zamu yake, ila mwishoni kabisa. Sheria ndogo zilizokwisha kutangazwa huwekwa mezani, na Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Sheria Ndogo huzipitia. Taarifa za Kamati hiyo ni usomaji ninaoupendekeza kwa kila diwani. Humo mna vifungu vinavyorejea vifungu visivyokuwepo, majedwali yasiyolingana na mwili wa sheria, na masharti yanayokinzana na sheria mama. Kazi ya Kamati ni njema, lakini inafanyika wakati sheria imeshaanza kutumika. Mwenye lori amekwisha kulipa, na mwenye kibanda amekwisha kutozwa faini. Kosa linagunduliwa Dodoma wakati uchungu wake umekwisha kuonjwa stendi.

Katika safari yote hii ndefu, yenye wanasheria wa ngazi tatu, ni hatua moja tu ambamo mtu asiye mtumishi wala mwanasiasa anaweza kusema kitu. Hatua hiyo ni taarifa ya kusudio. Na ndiyo inayofanywa kwa haraka kuliko zote.

Jinsi inavyokwenda kwa kawaida ni hivi. Karatasi moja au mbili zenye kichwa cha habari kirefu cha kisheria hubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa makao makuu ya halmashauri, na nakala hutumwa kwa watendaji wa kata. Ubao huo huo una matangazo ya zabuni, majina ya walioitwa kwenye usaili na ratiba ya chanjo. Mwenye lori hapiti hapo. Mama anayeuza nyanya sokoni hapiti hapo pia, na hata akipita, anachokiona ni habari kwamba halmashauri inakusudia kutunga sheria ndogo za ada na ushuru, bila jedwali, wakati jedwali ndilo sheria yenyewe kwa upande wake. Anachohitaji kujua ni kama ushuru wa meza utatoka shilingi fulani kwenda fulani. Muda wa pingamizi unakwisha, mtumishi anaandika kwamba hakuna pingamizi lililopokelewa, na sentensi hiyo fupi inaingia kwenye kabrasha la Baraza kama ushahidi wa ridhaa ya watu.

Diwani anapolipokea kabrasha hilo, mara nyingi zikiwa zimebaki siku chache kabla ya kikao, linakuwa na mihtasari ya kamati zote, taarifa za mapato na matumizi, miradi, na humo katikati rasimu ya sheria ndogo. Mjadala huwa mkali kwenye barabara na madawati, kwa sababu huko ndiko wapiga kura wanakouliza. Rasimu hupita kwa mabadiliko ya tarakimu mbili tatu. Diwani makini husimama na kuuliza, "Mheshimiwa Mwenyekiti, lori likiharibika barabarani na kulala hapa siku tatu, litatozwa siku tatu?" Swali la aina hiyo lina thamani kuliko hotuba, kwa sababu linaijaribu sheria kwenye mwili wa mtu halisi. Lakini halikupaswa kumsubiri diwani. Madereva na matingo wangeliuliza siku ya kwanza, kama mtu angekwenda kuwasomea rasimu pale wanapoegesha.

Jirani zetu wa Kenya walilifikisha jambo hili mahakamani. Baada ya Katiba ya 2010 na uchaguzi wa 2013, halmashauri zao za miji na manispaa za zamani zilikufa na kazi zao zikaenda kwa kaunti 47, zenye mabunge yao yanayopitisha miswada na magavana wanaoitia saini. Hakuna waziri wa Nairobi wa kuandika kwamba amekubali. Badala yake Katiba yao inadai ushiriki wa umma. Kaunti ya Kiambu ilipopitisha Sheria yake ya Fedha ya 2013 yenye ada na tozo mbalimbali, wananchi walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2014 Jaji George Odunga akaibatilisha kwa sababu umma haukushirikishwa kwa namna inayostahili jina hilo. Alieleza kwamba tangazo la kutimiza wajibu tu halitoshi, na kwamba serikali ya kaunti inapaswa kuwafuata watu wanakokutana: makanisani, misikitini, mahekaluni, kwenye baraza za hadhara, kwenye redio za lugha za wenyeji. Hukumu ile ilikuwa na gharama kwa kaunti, lakini iligeuza ushiriki kuwa sharti ambalo wakili wa serikali hulifikiria kabla ya mswada, si baada yake.

Kwetu mizani imekaa tofauti. Tumeweka ulinzi wa mwananchi mikononi mwa Waziri, tukitumaini kwamba atakataa ada za kionevu. Ulinzi huo una uzito, na kuna nyakati umefanya kazi: TAMISEMI imerudisha rasimu nyingi kwa marekebisho. Lakini mwanasheria aliye Dodoma anaweza kupima kama kifungu kinaendana na Sura ya 288. Hawezi kujua kwamba soko linalotajwa katika jedwali hujaa maji kila masika na wachuuzi wake hawauzi kwa wiki nzima. Jambo hilo linajulikana mtaani, na mtaani hapakuulizwa.

Nafika sasa kwenye marekebisho, na ndiko tatizo linakojionyesha vizuri zaidi. Sheria ndogo hurekebishwa kwa njia ile ile iliyotungwa nayo. Kubadili tarakimu moja kwenye jedwali kunahitaji rasimu, kamati, taarifa kwa umma, azimio la Baraza, mkoa, TAMISEMI, saini na Gazeti. Hati inayotoka huwa fupi na kavu. Inasema itasomwa pamoja na sheria ndogo za mwaka fulani, ambazo zitaitwa Sheria Ndogo Kuu. Kisha inasema kifungu fulani kinarekebishwa kwa kufuta maneno haya na kuweka badala yake maneno yale, au jedwali linafutwa na kuandikwa upya. Mtu hawezi kuielewa bila kuwa na ile ya awali mkononi. Ikirekebishwa mara ya pili, anahitaji hati tatu.

Kwa sheria za Bunge kuna juhudi ya kuziunganisha: tulikuwa na Toleo la mwaka 2002, na Toleo la 2023 la sheria kuu likaanza kutumika Julai 2025. Sheria ndogo za halmashauri zimebaki vipande vipande, zikiwa kwenye majalada ya ofisi ya sheria na kwenye nakala za Gazeti. Nimeshika mikononi sheria ndogo za ada za mji mmoja ambazo ukurasa wa jedwali ulikuwa umekatwa kwa kalamu, viwango vipya vikaandikwa pembeni kwa mkono, pamoja na namba ya Tangazo la Serikali lililofanya mabadiliko. Aliyeandika alikuwa mtumishi mwaminifu aliyetaka nakala yake ilingane na sheria iliyopo. Ilikuwa nakala pekee ofisini iliyo sahihi.

Kwa sababu njia ni ndefu, sheria huzeeka, na mabadiliko huanza kupita kando yake. Baadhi yanatoka juu kwa haki kabisa. Kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee wetu waliikimbia porini mgambo walipopita, ilifutwa 2003 pamoja na kodi nyingine za kero, na halmashauri zote zikalazimika kuacha kuikusanya, ziwe zimerekebisha sheria zao au la. Bajeti ya mwaka 2017/18 ilitangaza kushusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na kuwaondolea ushuru wanaosafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Hapo sheria mama inabadilika na sheria ndogo inayosema asilimia 5 inapoteza nguvu kwa kiwango hicho. Ila mkusanyaji aliyesimama kwenye kizuizi cha barabara anafuata karatasi aliyopewa, na mkulima mwenye magunia sita juu ya gari la kukodi hana namna ya kumthibitishia kwamba karatasi hiyo imepitwa na wakati.

Mabadiliko mengine hutoka kwa tamko. Desemba 2018 Rais John Magufuli alikabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, na ikaagizwa kwamba mwenye nacho asibughudhiwe kwa tozo nyingine. Kwa machinga wengi ulikuwa ni mwaka wa kupumua, na sina shaka kwamba kero iliyokusudiwa kuondolewa ilikuwa ya kweli. Lakini tuangalie ilivyoingiliana na sheria ndogo. Ushuru wa kupanga bidhaa chini uliendelea kuandikwa katika majedwali ya halmashauri, umepitishwa na Baraza, umekubaliwa na Waziri, umechapwa kwenye Gazeti, huku kiutekelezaji ukiwa umesimamishwa. Kilichosimamishwa kwa tamko kinaweza kurudishwa kwa tamko, na mchuuzi hana andiko la kushikilia pindi hali inapogeuka. Kama mabaraza yangeshusha au kufuta viwango vile kwa marekebisho rasmi mapema, kero isingefika kiasi cha kuhitaji mkono wa Rais.

Yapo pia mabadiliko ya kimyakimya zaidi. Makusanyo mengi sasa hufanywa kwa mashine za POS na mifumo ya kielektroniki kama TAUSI. Nafurahia mageuzi hayo, maana vitabu vya risiti bandia vilizinyonya halmashauri kwa miaka mingi. Lakini kiwango kinachoingizwa kwenye mfumo kinabadilishwa kwa dakika moja, na kiwango kilichoko kwenye sheria kinabadilishwa kwa mwaka. Viwango hivyo viwili visipolingana, kinachotozwa ni cha mashine. Risiti humwonyesha mlipaji jina la halmashauri, kiasi na tarehe. Ningependa imwonyeshe pia namba ya Tangazo la Serikali linaloruhusu kiasi hicho. Hilo ni jambo dogo la kuandika mstari mmoja kwenye programu, na lingemlazimisha mtu fulani ofisini kuhakikisha kwamba namba hiyo ipo.

Mtu anaweza kuuliza mahakama ziko wapi katika haya yote. Misingi ipo. Tanganyika ilipokea sheria ya kawaida ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na pamoja nayo uamuzi wa 1898 wa kesi ya Kruse dhidi ya Johnson, uliohusu sheria ndogo ya Kent iliyokataza kuimba hadharani ndani ya yadi 50 kutoka nyumba ya mtu baada ya kutakiwa kuacha. Mahakama iliiacha ile sheria isimame na kueleza kwamba kanuni za chombo kilichochaguliwa na watu zitazamwe kwa upole, zisifutwe ila zikiwa na upendeleo wa wazi, uonevu au dhuluma ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeikubali. Ni msimamo unaoheshimu madiwani, na nauunga mkono. Unadhani, hata hivyo, kwamba kuna watu watakaokuja kulalamika mahakamani.

Kwetu hawaji, na sababu moja imo ndani ya sheria zenyewe. Karibu kila sheria ndogo ina kifungu cha kufifilisha kosa. Mkosaji akikiri kwa maandishi, kwenye ile fomu iliyo kwenye jedwali la mwisho, Mkurugenzi anaweza kumtoza faini na mambo yakaisha hapo. Kwa mchuuzi aliyechukuliwa mzigo wake, njia hiyo ni nafuu: kesi Mahakama ya Mwanzo ingemgharimu siku kadhaa za biashara, na nyanya hazingoji. Anasaini, analipa, anachukua kilichobaki. Kwa hiyo kosa linakwisha bila hakimu kuuliza kama sheria yenyewe ni halali, kama ilitangazwa ipasavyo, kama kiwango ni kile kilichokubaliwa. Sheria ndogo mbovu inaweza kuishi miaka 10 ikikusanya fedha bila kujaribiwa hata siku moja. Ningetaka fomu ile iwe na sehemu ya kueleza kwamba anayesaini ana haki ya kukataa na kupelekwa mahakamani, na itaje kifungu alichokivunja kwa maneno yake, si kwa namba tu.

Kuna pendekezo linalorudiwa sana miongoni mwa watumishi wa halmashauri: kwamba ridhaa ya Waziri iondolewe kabisa, ili sheria zitungwe na kurekebishwa upesi. Nalielewa, ila siliungi mkono lilivyo. Kuondoa jicho la Dodoma kabla ya kuliimarisha jicho la mtaa ni kumwacha mkazi na mweka hazina peke yao. Ninachokiona kinafaa ni kugawa mzigo. Masharti yanayounda kosa, yanayoweka adhabu au yanayoanzisha tozo mpya yaendelee kupita njia nzima. Viwango vilivyomo kwenye jedwali viruhusiwe kubadilishwa na Baraza lenyewe, ndani ya kima cha juu ambacho Waziri alikwisha kukikubali, kwa sharti la rasimu kusomwa kwenye mikutano ya mitaa, maoni yaliyotolewa kuandikwa kwenye muhtasari wa Baraza, na jedwali jipya kubandikwa pale fedha inapotolewa: langoni mwa soko, kwenye kibanda cha stendi, kwenye machinjio. Kushusha kiwango kuwe rahisi kuliko kukipandisha. Leo ni vigumu sawasawa, na ndiyo maana hakuna anayejishughulisha kushusha.

Upungufu huu wa kutomsikiliza mkazi ni mzito zaidi mijini kuliko vijijini, na hili halisemwi vya kutosha. Kijiji kina uwezo wa kutunga sheria ndogo zake. Halmashauri ya kijiji huandaa, mkutano mkuu wa kijiji hujadili, na zikiidhinishwa na halmashauri iliyo juu ya kijiji zinaanza kufanya kazi, bila kufika kwa Waziri. Ng'ombe wakiingia shambani, chanzo cha maji kikianza kulimwa, watoto wakiacha shule, watu wale wale watakaobanwa na sheria hukaa chini ya mwembe au kwenye darasa la shule ya msingi na kubishana mpaka jioni. Sheria zao huwa na mapungufu ya uandishi, lakini kila mtu anajua zilikotoka.

Mtaa hauna uwezo huo. Mji unapopanuka na kijiji kikageuzwa kuwa mitaa, wakazi wake huvuka usiku mmoja kutoka kwa watu wanaotunga baadhi ya sheria zao hadi kuwa watu wanaoarifiwa. Miji yetu inapanuka kwa kasi, na kila inapopandishwa hadhi, vijiji vya pembeni huingia katika hali hiyo pasipo mtu kuwaeleza wanachokiacha. Kwa wakazi hao, taarifa ya kusudio ndiyo yote iliyobaki ya mkutano wao mkuu. Kwa hiyo kusoma rasimu kwenye mkutano wa mtaa, jedwali likiwamo, na kuandika majibu ya Baraza kwa kila pingamizi, kunawahusu wao kwanza, na hakusubiri Sura ya 288 ibadilishwe: Mkurugenzi na Mwenyekiti wake wanaweza kulianza jambo hilo kwa rasimu inayofuata.